Tangawizi ya Mamba: Kwa nini inanukia, kwa nini inawaka

MUUZAJI wa tangawizi anayeijua kazi yake hatumii maneno mengi. Anavunja kidole kimoja cha tangawizi, anakusogezea puani, kisha anasubiri. Ikinukia kama limau lililochanganyika na udongo uliolowa mvua, mkono wako tayari uko mfukoni. Kinachotokea katika sekunde hizo mbili ni kemia, na kwa familia nyingi za Mamba, wilayani Same, ndiyo kemia inayolipa ada za watoto.

Mamba iko juu, katika milima ya Upare ya Kusini, upande unaotazama tambarare za Gonja na Ndungu na mbuga ya Mkomazi. Mji wa Same umekaa upande mkavu wa milima hiyo, ambako mgeni hushangaa akiambiwa kwamba huko juu maji yanatiririka mwaka mzima. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hugonga milima, hupanda, hupoa na kumwaga mvua yake kabla ya kufika upande wa pili. Juu kabisa kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400. Kwa karne nyingi Wapare wameyaongoza maji ya milima yao kwa mifereji na kuyakusanya kwenye ndiva, yale mabwawa madogo ya asili yanayofunguliwa kwa zamu. Maji, kivuli cha migomba na udongo usiokauka haraka ndivyo vitu tangawizi inavyovitaka.

Ukishuka tambarare, mambo hubadilika. Joto linakupokea, na pamoja nalo miembe. Wenyeji wa safari za mlimani na bondeni wanaujua mpaka huo kwa pua hata wakifumba macho: juu tangawizi na majani mabichi, chini embe lililoiva. Harufu hizo mbili zinaonekana kama hazina undugu wowote, lakini kwa mkemia ni watoto wa ukoo mmoja.

Ukoo wa harufu

Ukoo huo unaitwa terpini. Ni molekuli ndogo ambazo mimea huzitengeneza kwa kuunganisha vipande vya kaboni vitano vitano, kama mtoto anayeunga shanga. Ukiunga vipande viwili unapata terpini nyepesi, inayoruka haraka hewani na kufika puani kwanza. Ukiunga vitatu unapata terpini nzito, inayochelewa kuruka na kukaa muda mrefu zaidi. Mmea mmoja hutengeneza nyingi kwa pamoja, na harufu tunayoijua ni kwaya nzima, si sauti ya mwimbaji mmoja.

Embe ni mfano mzuri, kwa sababu kila mzazi amewahi kubishana na watoto kuhusu embe gani ni tamu: dodo, bolibo, sindano au viringe. Watafiti wamekuta mamia ya molekuli tofauti katika harufu ya maembe, ila kila aina ina kiongozi wake wa kwaya. Katika maembe mengi yaliyotokea Florida, kama Tommy Atkins na Keitt ambayo sasa yanalimwa pia Afrika Mashariki, kiongozi ni terpini iitwayo kareni, yenye harufu inayokumbusha mti wa msonobari. Katika embe maarufu la Australia, Kensington Pride, anaongoza terpinoleni. Alphonso la India linategemea osimeni na miseni, kisha linaongezewa molekuli nyingine zisizo terpini zinazonukia kama sukari iliyoungua kidogo na nazi. Ndiyo maana mtu aliyezoea embe moja akipewa jingine husema “hili halina ladha,” hata kama sukari ni ileile. Sukari iko kwenye ulimi, lakini jina la embe liko puani.

Tofauti hizo za maembe hutokana kwa sehemu kubwa na mbegu. Kokwa la embe likichipua, mara nyingi hutoa mti usiofanana kabisa na mama yake. Tangawizi haina bahati hiyo, au pengine ndiyo bahati yake. Karibu haizai mbegu kabisa. Mkulima hukata kipande cha tunguu, yaani lile shina linene linalotambaa chini ya ardhi ambalo wengi tunaliita mzizi, na kulifukia tena. Mmea unaoota ni nakala ya ule uliokatwa. Hasara ya mtindo huo inajulikana kwa wakulima: ugonjwa uliomo ndani ya tunguu husafiri pamoja nalo, na mnyauko wa bakteria umewafilisi wengi duniani kwa njia hiyo. Faida yake ni kwamba tangawizi yenye harufu nzuri ikishapatikana, inaweza kubaki hivyo kizazi hadi kizazi. Kinachobaki kuamua ubora ni aina iliyopandwa, shamba, umri wa kuvuna na, kuliko watu wengi wanavyodhani, namna ilivyokaushwa.

Hesabu mbili tofauti

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata wapishi wazoefu. Tangawizi ina hesabu mbili zisizofanana: harufu na ukali. Tunazitaja kwa pumzi moja, lakini zinatoka kwenye molekuli tofauti na zinapotea kwa njia tofauti.

Harufu iko kwenye mafuta tete. Katika kilo moja ya tangawizi kavu mafuta hayo ni kati ya gramu 10 na 30 tu. Terpini nzito iitwayo zinjibereni kwa kawaida ndiyo inayoongoza, na ndiyo inayoipa tangawizi ile harufu ya udongo na viungo. Harufu ya limau inaletwa na sitrali, molekuli ileile inayopatikana kwa wingi kwenye mchaichai. Kuna na nyingine zenye ubaridi kidogo, kama sinioli, ambayo kila aliyejifukiza kwa majani ya mkaratusi anaijua bila kuijua kwa jina.

Ukali ni habari nyingine. Unatokana na jinjaroli, molekuli nzito isiyoruka hewani. Unaweza kunusa jinjaroli tupu siku nzima usipate kitu. Kazi yake huanza inapogusa ulimi, midomo na koo, na hata hapo haifanyi kazi kama ladha. Ina undugu wa umbo na kapsaisini, inayopatikana kwenye pilipili, na zote mbili hugonga mlango mmoja: kipokezi cha neva ambacho kazi yake halisi ni kuuambia ubongo kwamba kitu ni cha moto, kuanzia nyuzi joto 43 hivi. Mwanasayansi wa Marekani David Julius na wenzake walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997 kwa kutumia kapsaisini, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa hiyo mtoto anayesukuma kikombe na kusema “mama, inaniunguza” wakati chai imeshapoa hadanganyi wala hadeki. Neva zake zimeambiwa kuna moto.

Tofauti ya hesabu hizo mbili inaweza kuonyeshwa mezani bila maabara. Mpe mtoto mkubwa kipande cha embe lililoiva, aliye na umri wa kuelewa maelekezo, umwambie abane pua kisha atafune. Atasema ni tamu na chachu, basi. Akiachia pua, embe “linarudi” ghafla. Mpe sasa kipande kidogo sana cha tangawizi, pua ikiwa imebanwa. Harufu ya limau haipo, lakini moto upo vilevile. Hiyo pia ndiyo sababu mgonjwa wa mafua, ambaye kila chakula kwake kimekuwa kama karatasi, hufurahia chai ya tangawizi: pua imefungwa, lakini moto una njia yake.

Kinachopotea juani

Rudi sasa Mamba, kwa sababu huku ndiko hesabu hizo mbili zinakogeuka kuwa fedha.

Tangawizi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Msimu wa mavuno ukichanganya, kila nyumba ina magunia, malori yanajua hivyo, na bei inaporomoka. Mkulima aliye na tangawizi mbichi hana muda wa kubishana, kwa kuwa mzigo unanyauka na kuoza mbele ya macho yake, na mnunuzi anayetaka lumbesa anajua hilo pia. Ndiyo hoja kubwa iliyoleta kiwanda cha kusindika tangawizi Mamba Myamba, ambacho Anne Kilango Malecela, alipokuwa mbunge wa Same Mashariki, alikipigania kwa muda mrefu. Tangawizi kavu inaweza kusubiri bei, tena inapungua uzito wa kubeba: kilo tano hivi za mbichi, wakati mwingine zaidi, hutoa kilo moja kavu. Katika barabara za mlimani, ambako mvua moja inaweza kulifunga gari siku nzima, kubeba kilo moja badala ya tano si jambo dogo.

Lakini kukausha ni kubishana na molekuli. Jua linapoondoa maji, linaondoa pia terpini nyepesi. Sitrali na wenzake huanza kuondoka mapema, na ile harufu ya limau aliyoivunjia muuzaji ndiyo ya kwanza kupungua. Zinjibereni hubaki zaidi, ila nayo hubadilika pole pole ikikutana na hewa na mwanga. Kwa upande wa ukali mambo huenda kinyume. Joto na ukavu huinyang’anya jinjaroli molekuli ya maji na kuigeuza kuwa shogaoli, jina linalotokana na neno la Kijapani la tangawizi, shoga. (Wasomaji wa Kiswahili wanaruhusiwa kutabasamu.) Shogaoli ni kali zaidi, takribani mara mbili ya jinjaroli.

Matokeo yake ni kwamba tangawizi iliyokaushwa vibaya haipoi mdomoni. Inawaka sana, pengine kuliko mbichi, huku ikiwa imepoteza harufu. Mnunuzi wa kawaida ataionja na kusema ni nzuri. Anayenunua kwa ajili ya mafuta tete, biskuti au vinywaji ataipima, atatikisa kichwa na kushusha bei. Mkulima ataona ameonewa, wakati tangawizi ilipoteza thamani wiki mbili kabla, juu ya turubai.

Kwa nini asikaushe haraka kwa moto mkali? Kwa sababu joto kubwa hufukuza harufu kwa kasi zaidi. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kutopitisha nyuzi joto 60. Kwa nini basi asikaushe pole pole, ikiwa nzima na ganda lake? Ganda hulinda mafuta vizuri, kwani vifuko vya mafuta viko karibu kabisa chini yake, lakini huzuia na maji kutoka. Huko milimani, ambako mawingu hushuka mpaka mlangoni, tangawizi nzima inaweza kukaa kwenye kichanja kwa wiki kadhaa bila kukauka ndani, na hapo kuvu huingia. Kuvu hao wanaweza kuacha sumukuvu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Kukata vipande vyembamba kunaharakisha ukaushaji, ila kila mkato wa kisu hupasua vifuko vya mafuta na kuachia harufu hewani.

Hakuna njia isiyo na hasara. Iliyo na hasara ndogo ni ya katikati: kuosha vizuri, kukata vipande visivyo vyembamba mno, na kukausha kwenye kikaushio cha jua kilichofunikwa, ambamo hewa inapita lakini miale haipigi moja kwa moja, hadi kipande kikipindwa kivunjike kwa mlio. Umri nao unahesabika. Tangawizi ya miezi mitano hadi saba ina nyuzi chache na inafaa kuliwa mbichi, wakati mafuta na ukali hufikia kilele karibu na mwezi wa tisa. Anayeng’oa mapema kwa sababu shule zinafunguliwa Januari anauza harufu ambayo bado haijatengenezwa, na kwa kweli ni vigumu kumlaumu.

Kwenye sufuria

Kwa familia inayonunua, hesabu zilezile zinafanya kazi jikoni. Tangawizi iliyochemshwa nusu saa kwenye sufuria isiyo na mfuniko imeijaza nyumba harufu, na harufu iliyojaza nyumba ndiyo isiyokuwemo kwenye kikombe. Ukali wake nao hulainika, kwa kuwa sehemu ya jinjaroli hugeuka kuwa zinjeroni, molekuli tulivu yenye utamu wa viungo. Si kosa, baadhi ya watu wanaipenda hivyo. Anayetaka vyote viwili kwenye chai ya rangi achemshe nusu ya tangawizi tangu mwanzo, nusu nyingine aitwange na kuitia akishaepua, kisha afunike kwa dakika tano.

Chai ya maziwa ina kikwazo kingine. Akina mama wengi wamewahi kutia tangawizi mbichi kwenye maziwa ya moto, yakakatika, wakamlaumu muuza maziwa. Mara nyingine muuza maziwa hana hatia. Tangawizi mbichi ina kimeng’enya kinachovunja protini, na kikikutana na maziwa ya joto la kadiri huyagandisha. Kusini mwa China watu hufanya hivyo kwa makusudi na kupata kitindamlo laini kama maziwa mgando. Kimeng’enya hicho huharibiwa na moto, kwa hiyo tangawizi ichemke kwanza na maji kwa dakika chache, ndipo maziwa yafuate. Kimeng’enya hichohicho ni msaada kwenye nyama ngumu: tangawizi iliyotwangwa ikipakwa saa moja kabla ya kupika huilainisha, lakini ikilala usiku kucha nyama hugeuka kama uji.

Ganda lisimenywe kwa kina. Kukwangua kwa ncha ya kijiko kunatosha, kwani kisu kinachoingia ndani kinaondoka na vifuko vya mafuta. Tangawizi ya unga inunuliwe kidogo kidogo. Ikishasagwa, uso wake unaokutana na hewa huongezeka mno, na kopo lililokaa kabatini tangu Krismasi iliyopita litawaka ulimini bila kunukia. Aliye na kinu na mchi ni bora anunue vipande vikavu na kutwanga anapohitaji.

Kwa watoto wadogo

Tangawizi ina sifa nyingi za tiba mitaani, na si zote zinastahili. Ushahidi ulio imara zaidi ni wa kichefuchefu, hasa cha wajawazito katika miezi ya mwanzo, nao ni kwa kiasi cha kawaida cha chakula. Mjamzito na amweleze mhudumu wa kliniki kama anaitumia kila siku, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiizidishe bila kumuuliza daktari.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chai ya tangawizi wala maji, maziwa ya mama yanamtosha. Mchanganyiko maarufu wa tangawizi, limau na asali usipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, na hapo mwenye hatari ni asali: inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazotoa sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga, ugonjwa ambao huanza kwa choo kigumu na ulegevu na unaweza kuua. Kwa mtoto mkubwa zaidi mwenye kikohozi, kikombe cha vuguvugu chenye tangawizi kidogo kitampa nafuu ya koo. Akiwa anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani au hawezi kunywa, aende kituo cha afya saa hiyohiyo.

Na ile tangawizi iliyosahaulika kwenye kapu, ambayo imeanza kutoa vichipukizi vya kijani, isitupwe kama haijaoza. Ifukiwe kina cha vidole viwili kwenye ndoo yenye matundu chini na udongo uliochanganywa na samadi, iwekwe penye kivuli cha wastani na kumwagiliwa bila kutuamisha maji. Kama ilitoka Mamba, kitakachoota barazani ni mmea uleule wa Mamba, nakala yake. Watoto wataweza kuung’oa baada ya miezi minane au tisa, wavunje kidole kimoja na kunusa.